Maji Katika Mapipa ya Divai

Nilipopanda mizabibu ya kwanza nyuma ya nyumba yangu hapa Isiolo, majirani walicheka. Hii ni nchi ya ngamia, walisema. Lakini Mungu alinipa kisima na uvumilivu, na msimu wa nne nikatengeneza divai. Hakuna mwingine aliyekuwa akiitengeneza pande zetu. Wa kwanza kuinunua walikuwa watu wa kanisa letu, ambako mimi ni mzee wa kanisa, kwa ajili ya meza ya Bwana.

Miaka ikapita, wazee wakanisukuma nigombee uwakilishi wa wadi. Nilijua wazi kwamba bila kura za wafugaji Waborana, Waislamu walio nje ya mji, singeshinda. Mwaka huo mvua ilikataa, nikaamua kuwapelekea maji. Mapipa pekee niliyokuwa nayo ni yale ya divai. Niliyasugua mwenyewe mpaka viganja vikauma, nikayajaza, nikapanda lori.

Akina mama walikuja na mitungi yao, kisha wakasimama mbali. Mzee wao, mwenye ndevu za hina, akainamia pipa na kunusa.

"Mzee wa kanisa, haya maji ni safi?"

"Safi kabisa. Ni ya kisima changu."

"Nakuamini. Lakini pipa lako limekunywa kabla yetu."

"Anataka tulewe ndio tumpigie kura!" mama mmoja akapaza sauti, na wote wakaangua kicheko.

Niliona aibu. Miaka mingi nimekula Idi nyumbani kwa watu hawa, na bado sikufikiria jambo dogo kama hilo. Nilitaka kueleza jinsi nilivyosugua. Badala yake nikasema:

"Nimekosa, mzee wangu. Nisameheni."

"Hatujakasirika. Tuko na kiu tu. Leta chombo kingine."

Nikarudi mjini, nikaenda moja kwa moja kwa imamu. Aliniazima tangi la msikiti, akicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kabla ya alasiri nilikuwa nimerudi na tangi limejaa maji. Yule mzee alikunywa wa kwanza, akajipangusa ndevu.

"Wanasiasa wengine wangebishana na sisi hapa mpaka jioni," alisema.

Walinipigia kura, nikashinda. Sasa, kabla sijaunga mkono jambo lolote linalowahusu katika bunge la kaunti, naenda kwanza kukaa nao na kuwauliza. Mara nyingi hunikosoa. Namshukuru Mungu kwa hilo.