Mama Kususa Sinia

Ijumaa ya kwanza mama alisema amefunga. Sikumwamini, kwa sababu asubuhi yake nilimsikia akinywa chai. Ijumaa ya pili akasema jino linamuuma. Ya tatu akasema tule tu, yeye ameshakula, na nilipomuuliza amekula nini na wapi, akageukia ukutani na tasbihi yake. Hapo nikajua kuna jambo.

Tunaishi Kariakoo, ghorofa ya tatu, mimi, mke wangu na mama, aliyehamia kwetu kutoka Magomeni baada ya baba kufariki. Ijumaa nikirudi msikitini tunatandika mkeka, linawekwa sinia moja la pilau, na wote watatu tunalizunguka. Kwa mama, kula ni mkono wa kulia, basi. Utotoni, kila mkono wangu wa kushoto ulipogusa chakula alinichapa vidole kwa mwiko, na hakuacha mpaka nilipoota ndevu. Mimi nauza vyombo, uma na vijiko ninavyo madazeni kwa madazeni, lakini nyumbani kwangu kijiko hakigusi pilau. Kwenye harusi moja ukumbini, alimwona bwana mmoja mwenye tai ameshika uma kushoto na kisu kulia, vile wanavyofundishana hotelini. Akaniuliza kwa sauti iliyofika meza ya tatu, "Huyo anakula au anachamba?"

Mtu wa namna hiyo hasusi sinia bure.

Mke wangu ni wa Tanga. Mnajua yanayosemwa kuhusu wanawake wa Tanga na limbwata, dawa wanayodaiwa kumtilia mume kwenye chakula ili atulie. Nilikuwa nikiyasikia nacheka. Sasa sikucheka tena, hasa baada ya kosa langu la kumsimulia jirani yangu wa duka, muuza ndoo.

"Bro, bimkubwa akikataa chakula cha mkwewe, ujue kuna kitu kakiona," aliniambia. "Wewe fungua macho."

Kufumbua macho sihitaji kufundishwa. Sufuria zikiletwa dukani nazigonga moja moja kabla sijasaini, hata kama muuzaji ni rafiki yangu. Nikaanza kuwa hivyo nyumbani. Nilifunua vyungu nikanusa. Nilimwaga iliki kwenye kiganja nikaipekua. Nilimwangalia mke wangu akipakua, nikaona anamwekea mama sahani yake pembeni, anaifunika kwa kawa, kisha anatoka kwenda sokoni. Kwa nini afunike? Kwa nini atoke? Na mama alikuwa anapungua, khanga zinamzunguka mara mbili; nikajiambia, anayeweza kumtilia mume dawa hashindwi kumtilia mkwe. Nikimwamkia hakunipa tena mkono niubusu, ananiitikia "Marahaba" na mikono iko ndani ya khanga. Nikasema, basi, hata mimi ananishuku.

Jioni moja nikamfuata mke wangu jikoni. Alikuwa anachagua mchele.

"Mama umemtilia nini?"

Aliinua uso taratibu. "Unaniuliza mimi hivyo?"

"Nani mwingine anapika humu?"

Akarudi kwenye mchele wake. Kunyamaza kwake nikakuchukua kuwa ni kukiri. Niliapa moyoni kwamba nikimkamata na kitu, hata kipande cha karatasi nisichokielewa, kesho yake anapanda basi la Tanga na talaka yake.

Jumanne iliyofuata nilifunga duka mchana bila kuaga, nikapanda ngazi na viatu mkononi. Mke wangu hakuwepo. Jikoni, nyuma ya mlango, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya wali mapajani, anakula chakula kilekile cha mke wangu. Anakula haraka haraka, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala tu kwenye paja.

Aliponiona, aliuingiza ule wa kushoto ndani ya khanga, ukiwa bado na wali.

"Usiniangalie," alisema.

"Mama, mkono una nini?"

"Haunisikii. Tangu ile Ijumaa niliyosema nimefunga, nauambia shika, haushiki."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Najua mgonjwa ana ruhusa. Lakini si mbele ya mkwe wangu. Nile kwa mkono wa chooni, yeye ananitazama?"

Nilisikia pumzi nyuma yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nyanya.

"Mimi niliona kila nikitoka, nikirudi sahani naikuta tupu," alisema, ananiambia mimi, hamwangalii mama. "Nikadhani hapendi kula nami. Basi nikawa natoka, apate kula."

"Ungeniambia."

"Ungeniamini?"

Hospitalini daktari aliuliza mkono umelegea tangu lini. Nikasema wiki nne. Akaniangalia, akauliza nani anaishi na mgonjwa, nikasema mimi. Akasema presha ilipanda akapata kiharusi kidogo, na kwamba wangemsaidia zaidi kama tungemleta siku ileile. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mazoezi yameusaidia mkono, si sana. Ijumaa mke wangu anakaa ubavuni mwa mama, anafinyanga tonge dogo, anamlisha, na mama anafungua mdomo bila haya yoyote. Wanacheka mambo yao ambayo mimi siambiwi. Nimemwomba mke wangu msamaha, mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kitenge. Alipokea vyote viwili vizuri.

Ila siku za kawaida, mimi hanipakulii tena kama zamani. Anachota kidogo kwenye sahani yangu, anatia mdomoni, anatafuna, anameza, huku ananitazama. Ndipo ananisogezea. Nimemsihi aache.

"Kula, mume wangu," ananiambia. "Nimeshaonja."