Sista Vifungo na vidole vya mshonaji

Saa mbili asubuhi, kabla ya kugusa dripu hata moja, muuguzi anatoa mfukoni kipande cha kitambaa chenye vifungo vitano.

"Haya, mama, funga tukuone," anamwambia mshonaji aliyeketi karibu na dirisha.

Wagonjwa wa saratani katika kliniki hii humwita Sista Vifungo. Baadhi ya dawa zao hutia vidole ganzi, na anayeshindwa kufunga kifungo dawa imeshaanza kumuumiza. Kazi hii anaifanya kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye na mwenzake huhudumia wagonjwa ishirini na sita kwa siku. "Miguu yangu usiiulize, itakulilia," anacheka.

Mshonaji huyu aliwahi kumpiga chenga. Wiki sita zilizopita alidai vidole vyake ni vizima kabisa. Kitambaa kilipotolewa akajifanya anakohoa, na binti yake akamfungia chapuchapu.

"Niliona. Ila foleni ilikuwa ndefu, nikajitia hamnazo," muuguzi anakiri. "Jambo hilo linaniuma mpaka leo."

Wiki tatu baadaye mshonaji alirudi na bandeji. Sindano ya cherehani ilikuwa imemtoboa kidole, naye hakuhisi kitu. Muuguzi akavuta kiti.

"Niliogopa mtanipunguzia dawa, uvimbe urudi," mshonaji alisema. "Nikaona bora vidole viende."

"Na ukipona utashona kwa vidole gani, mama?"

Binti akaangua kilio. "Mimi ndiye niliyemfungia, Sista."

"Najua, mwanangu. Nami nikanyamaza. Tumekosa wote."

Daktari alipunguza dozi. Picha ya juzi inaonyesha uvimbe unazidi kusinyaa. Kuhusu vidole, hakuna anayeweza kuahidi, na ndicho kinachomnyima mshonaji usingizi.

Leo ni dripu ya mwisho. Kifungo cha kwanza kinaingia, cha pili kinaingia, cha tatu kinateleza. Binti ameikalia mikono yake asije akasaidia.

"Usinihurumie, wewe," mama anamwonya. Anajaribu tena. Kinaingia.

"Vitatu! Siku ile ya bandeji hata kimoja hukukiweza," muuguzi anashangilia, huku machozi yakimlengalenga.

Mwakani atastaafu. Kwenye mkoba wake mna kitambaa cha bluu alichokinunua jana, na kabla ya kufungua dripu anakiweka mapajani pa mshonaji.

"Nishonee gauni la kuagia," anamwambia. "Haraka sina. Ila zipu sitaki, mama. Vifungo tu, mpaka chini."