Ng'ombe wa Sura ya Nne

Penina hakuwa mvivu, mtu asimsingizie. Afisa mifugo wa kata huko Bahi, miaka arobaini na moja, anapanda pikipiki ya ofisi na kuchanja ng'ombe tangu asubuhi bila kulalamika. Kilichomshinda ni tasnifu. Shahada ya uzamili aliyoianza Dodoma mjini kwa vigelegele ilikuwa imebakiza sura ya nne tu, ile ya matokeo, na chuo kilishamwongezea muda mara mbili. Barua ya mara ya pili ilisema bila kupepesa: asipowasilisha kabla ya saa kumi jioni, tarehe thelathini Septemba, jina linafutwa. Miaka minne ya kusoma iende na maji hivi hivi, jamani!

Kwa hiyo mwezi wa nane alijiwekea lengo la maneno mia tano kila siku, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka wakati wa kwenda kazini. Akimaliza, aliandika idadi kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya dayosisi iliyoning'inia sebuleni, kisha akaituma kwenye kundi la wasap la wanafunzi wenzake. Huko Msafiri, aliyekuwa akiandika kuhusu umwagiliaji, alikuwa akitamba kwa maneno elfu moja na vijimoto vitatu pembeni. Penina naye hakukubali kuachwa nyuma. 510. 540. 602!

Aliyechukizwa na kalenda ile ni mama yake, Bibi Zipora, mwenye zizi nyuma ya nyumba. Kwake yeye mali haihesabiwi hadharani, na ukitaja idadi ya ng'ombe wako umejiitia kijicho mwenyewe.

"Penina, ndiyo unatangaza vitu vyako ukutani?"

"Ni maneno tu, Mama."

"Hata kama. Futa."

Hakufuta. Tarehe tisa Septemba alimtumia msimamizi wake, Dokta Optatus, kurasa hamsini, akakaa kusubiri sifa. Simu ikaja baada ya siku mbili, akiwa kwenye josho anasimamia uogeshaji.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Penina. Umeandika sana. Ila maana ya mfugaji umenieleza mara tatu, na ukame ni nini, mara nne. Ulihoji kaya ishirini na tatu, kila moja ilichagua vipi mfugo wa kuuza mwaka wa njaa. Mimi nimeona tisa. Nyingine ziko wapi?"

Lo! Penina alirudi nyumbani kichwa kinagonga, akafungua kompyuta, akajionea. Ili idadi itimie alikuwa akipika maneno. "Hivyo basi" na "kwa upande mwingine" zilikuwa zimepata ajira ya kudumu mle. Kaya ngumu, zile ambazo majibu yao yalitaka mtu atulie afikiri, alizikwepa kila alfajiri kwa sababu zilimpunguzia mwendo. Na siku zilizobaki ni kumi na tisa. Alilia, tena si kidogo.

Jioni akanawa uso, akatoka kumsaidia mama yake kufungia ng'ombe. Walipita langoni mmoja mmoja, vumbi limetanda. Bibi Zipora hakunyoosha kidole wala kuchezesha midomo. Wa mwisho alipoingia akasema, "Kijivu hayupo."

"Umehesabu saa ngapi, Mama?"

"Nihesabu ili iweje? Sijamwona!"

Kijivu alikutwa kwenye jaruba la jirani yao, Mzee Gerson, anatafuna mabua ya mpunga kama mwalikwa wa harusi. Penina alisimama pale na fimbo mkononi, akaanza kucheka peke yake. Mama yake alimjua kila ng'ombe. Yeye alikuwa na maneno elfu kumi na tano na hajui ni nani hajarudi.

Kesho yake alishusha kalenda. Akabandika karatasi kubwa ya manila, akaorodhesha kaya zote, na mbele ya kila moja jambo lake moja ambalo lazima lisemwe. Lengo la siku likawa kaya moja iingie zizini, basi. Bibi Zipora alifurahi kuona tarakimu zimeondoka, akavuta kigoda na kuanza kugawa majina. Mjane aliyeuza jogoo wote kabla ya kugusa mbuzi akaitwa Mjanja. Mzee aliyegoma kuuza hata ndama, mpaka ukame ukamaliza zizi zima, akaitwa Mkaidi. Mwingine akawa Kipara, na hivyo hivyo mpaka kaya ya mwisho.

Kuanzia hapo kila asubuhi Bibi alileta uji na swali.

"Nani amerudi leo?"

"Mjanja."

"Na Kipara?"

"Yuko njiani, Mama."

"Mfuate! Unakaa tu?"

Siku nyingine kaya iliingia kwa maneno themanini, siku nyingine kwa mia tisa, na Penina hakujali. Kwenye kundi aliandika, "Leo Kipara karudi," Msafiri akauliza kama dada yetu anaumwa.

Tarehe thelathini, saa tisa alasiri, walikuwa wameingia wote isipokuwa Mkaidi. Asubuhi tano Penina alikuwa amemfukuza bila kumpata. Kila sababu aliyoiandika kueleza kwa nini yule mzee aligoma ilianguka ikiguswa. Akashika simu ampigie Dokta, aombe japo wiki moja, na huku anajua fika wiki hiyo haipo.

"Nani amebaki?" Bibi Zipora aliuliza mlangoni.

"Mkaidi. Bila yeye kazi ina pengo, Mama."

"Na wenzake?"

"Wamo."

"Basi funga lango! Wote utawaachia fisi kwa ajili ya mmoja?"

Penina akaweka simu chini. Akaandika sentensi moja ya kweli: uamuzi wa kaya hii utafiti huu haukuweza kuueleza. Akatuma. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na mbili, na jibu la Dokta Optatus likaingia kabla hajapumua: "Nimepokea. Umewahi." Akamkumbatia mama yake mpaka kilemba kikaanguka.

"Niache, utanivunja! Kwa hiyo sasa wewe ni daktari?"

"Bado, Mama. Hii ni ya uzamili. Udaktari uko mbele."

"Kumbe!" Bibi Zipora akaokota kilemba chake, akaitazama karatasi ukutani kwa muda. "Basi huyu Mkaidi usimfute. Utahitaji wa kuanzia."