Uji Mbele ya Mkwe

Asubuhi ile sikunywa hata chai. Si kwamba nyumbani haikuwapo. Ilikuwapo, na mkate ulikuwapo, na mama alinisimamia kama askari wa zamu akitaka nile. Tumbo likakataa. Nilikuwa naenda kumhoji mtu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nimuulize kama ana njaa, na mimi mwenyewe nikatoka Butimba na njaa yangu ya woga. Ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi najicheka.

Nilikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, nimepelekwa fildi kwenye ofisi ndogo ya msaada wa chakula iliyokuwa nyuma ya kanisa moja pale Nyamagana. Ilikuwa miaka ya soko huria. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilitandazwa hadi barabarani, na watu waliokuwa na kazi zao za kudumu viwandani walikuwa wamerudishwa nyumbani. Sangara wa ziwa letu wenyewe, minofu yake ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Halafu mvua nayo ikagoma. Mahindi ya msaada yalikuwa machache, wenye shida wengi, na wajanja wengi zaidi.

Msimamizi wangu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, si mwenyeji wa kanda yetu, na alikuwa ameshadanganywa mpaka akachoka. Aliniambia kuna watu wanaazima watoto wa jirani siku ya kuandikishwa, na wengine wanaazima hata bibi, ili kaya ionekane kubwa. Ndiyo maana aliweka sheria kwamba watu wazima wote wa nyumba waje pamoja, wakae chumba kimoja, wajibu wakisikilizana. Na alikuwa na kipimo chake kingine ambacho hakukiita sheria. Kila aliyekuja alipewa kikombe cha uji, na yeye alikaa mlangoni mwa stoo akitazama unavyonywewa. "Mdomo unadanganya, binti," aliniambia, "lakini koo halidanganyi." Maneno yale niliyaogopa kuliko nilivyomwogopa mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya kuandikisha. Lori la mahindi lilitarajiwa mchana, na atakayekosa angesubiri mpaka baada ya mavuno. Mavuno ya mvua ipi, hakuna aliyejua.

Bibi aliingia akiwa amejifunga kitenge kilichopauka, miguu imejaa vumbi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha visiwani Ukerewe, l na r zikipokezana. Alikuwa ametoka Nansio. Binti yake alikuwa ameolewa hapa mjini, akaugua, akafariki, akaacha watoto watatu. Bibi akapanda meli kuja kuwalea. Baba wa watoto alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, akapunguzwa kazini, sasa anabeba mizigo mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, siku kazi ikipatikana. Yote haya aliyasema taratibu, mikono imetulia magotini, nami nikaanza kupumua. Nikajisemea, kumbe kazi yenyewe si ngumu.

Nikamletea uji. Akaushukuru, akaushika kwa mikono miwili, akaunusa. Niliona koo lake likipanda na kushuka kabla hata hajaonja.

Hapo ndipo mkwewe alipofika mlangoni. Alikuwa mwanaume wa makamo, mrefu, shati limechanika begani. Alimwona bibi, na hapohapo akageuka akatoka, kama mtu aliyekosea nyumba. Bibi naye alijivuta pembeni ya benchi, akapandisha kitenge mpaka kikafunika uso, akakiweka kile kikombe chini, nyuma ya miguu yake.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani, sheria ya chumba kimoja. Nikatoka nikamwita. Nikamwambia kaka, karibu ndani, kaa hapa kwenye benchi karibu na mama. Akasema yuko sawa pale alipo. Nikamwambia haiwezekani. Akasogea nyuma. Nikamfuata, nikamwambia kwa ukali ambao hata sijui niliutoa wapi kwamba asipoingia hatutaandika chochote. Akaniangalia kwa macho ya mtu anayeombwa avue nguo sokoni, kisha akaenda kusimama mbali, kwenye pipa la maji ya mvua, akatupa mgongo.

Niliporudi ndani nikakuta uji uko vilevile, unaanza kushika utando juu. Nikamsihi bibi anywe. Akatikisa kichwa ndani ya kitenge. Akasema ameshakula, ameshiba.

Msimamizi alinikonyeza nimfuate stoo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinihesabia kwa vidole, moja moja. Hawa watu hawakai pamoja. Hawatazamani. Balozi wao wa nyumba kumi ameshamweleza kwamba huyu bibi analala jikoni na hajaonekana hata siku moja akila na wenye nyumba. Na mwenye njaa gani anaacha uji? "Huyo bibi ni wa kuazima," akasema. "Wafute wote, nyumba nzima. Uende ukawaambie wewe, ndiyo kujifunza."

Nilibaki nimesimama katikati ya magunia matupu. Niliwaza wale watoto watatu ambao sijawahi kuwaona. Niliwaza ripoti yangu ya chuo ambayo mama huyu ndiye angeiandika. Nasema ukweli, niliwaza vyote viwili kwa pamoja, na sijui kipi kilitangulia. Nikafungua mdomo kusema sawa mama.

Mlango wa stoo ulitazama uani. Nikamwona yule kaka kwenye pipa, ametupa mgongo, shingo ngumu, hathubutu hata kugeuza kichwa upande wa dirisha alipokaa bibi. Na mgongo ule nikaujua. Ulikuwa mgongo wa baba yangu.

Kila Desemba tulikwenda Musoma vijijini kwa bibi mzaa mama, na baba yangu, mwalimu mzima anayeheshimiwa Butimba nzima, akifika pale alikuwa anasimama nje ya mji wa mkwewe mpaka aitwe, na akiitwa anapita upande wa pili wa nyumba. Bibi akisikia sauti yake anatokea mlango wa nyuma. Chakula cha baba kilipelekwa na sisi watoto, kimefunikwa, na bibi alikuwa tayari kulala njaa kuliko mkwewe amwone anatafuna. Sisi watoto wa mjini tuliona ni mchezo wa kuigiza. Tulikuwa tunawacheka, tunapishana na sahani huku na huku, tunadokoa nyama njiani. Na leo, kwa kiherehere cha ofisi na benchi lake, nilikuwa nimetaka kuwakalisha watu bega kwa bega, mmoja akiwa na kikombe mdomoni.

"Mama," nikasema, "bibi wa kuazima angekaa naye benchi moja bila wasiwasi."

Akaniuliza nina maana gani. Nikamweleza harakaharaka, maneno yanagongana, kuhusu mkwe na mama mkwe, kuhusu sahani iliyofunikwa, kuhusu baba yangu. Nikamwambia kwetu wanaokwepana hivi ni wakwe wa kweli, wa kuazima hawajui hata pa kujificha. Alinisikiliza uso umekauka. Mwisho akasema kama ni hivyo niwahoji mmoja mmoja, na nifanye upesi, lori halitanisubiri mimi na mila zangu. Akanifuata nyuma, na kufuatwa kule kulinizidishia woga.

Nikaanza na mwanaume kule kwenye pipa. Nilimwomba radhi kwanza, akasema hamna neno dada. Nikamuuliza nyumbani wanapikia mioto mingapi. Mmoja, akasema, na mpishi ni mama, analala jikoni na wajukuu kwa sababu yeye ana chumba kimoja tu na mama hawezi kulala chini ya dari moja naye. Ugali ukiiva, mtoto mkubwa anamletea sahani yake chumbani. Nikamuuliza, jana ulikula nini?

Akamtazama msimamizi, akanitazama mimi, akateremsha sauti ingawa bibi asingeweza kumsikia. Akasema sahani huwa inakuja, lakini anaita watoto wanaimaliza. Yeye ni mtu mzima, mwaloni hakosi kipande cha panki cha kubahatisha. Jana hakubahatisha. Juzi pia. "Ila mama asijue," akasema. "Mama anakula na watoto kule jikoni. Nikikataa sahani, atakataa na yeye."

Nikarudi ndani kwa bibi. Kitenge bado usoni. Nikachuchumaa karibu yake nikauliza mioto mingapi, akasema mmoja, wa mahindi yapi hiyo mioto mingi. Nikamuuliza na yeye, jana ulikula nini bibi?

Mara hii hakusema ameshiba. Labda kwa kuwa nilichuchumaa, labda amechoka tu. Akasema anapakua ya mkwewe kwanza, maana ndiye anayebeba mizigo, na asipokula ataanguka ziwani. Kisha anapakua ya watoto. Yeye anakwangua ukoko wa sufuria, anashushia maji. Siku nyingine ukoko haupo. "Lakini mkwe wangu anakula vizuri," akasema, na sauti ikawa na fahari kidogo. "Sahani yake inarudi safi kila siku, hata ukiilamba huoni kitu."

Niliweka kalamu chini. Nilimgeukia msimamizi aliyesimama nyuma yangu mlangoni, na yule mama aliyeshadanganywa na mji mzima alikuwa anatazama sakafu. Watu wawili, kati yao hatua chache tu za ua, kila mmoja anafunga kwa ajili ya mwenzake, na heshima yao yenyewe ndiyo iliyowazuia kuonana. Nani angejua? Watoto ndio waliokuwa wanajua, na watoto wana njaa, hawasemi.

Msimamizi akasema kwa sauti yake ya chini, "Chungu kimoja. Waandike wote." Kisha akaondoka akaenda stoo, na hakukaa tena mlangoni.

Ningeweza kuishia hapo. Kazi ilikuwa imekwisha, mahindi wamepata. Lakini bibi akanishika mkono, vidole vyake vikavu vimenibana, akauliza swali ambalo chuoni hawakunifundisha kulijibu.

"Umemuuliza na yeye? Amekula?"

Niliogopa wakati ule kuliko asubuhi yote. Yule kaka alikuwa ameniomba asijue. Na huyu ni mama mkwe, aibu ya mkwe kushinda njaa ndani ya mapishi yake ni aibu yake. Nikisema ndiyo, kesho sahani itarudi safi tena.

"Hajala, bibi," nikasema. "Anawapa watoto. Anadhani wewe unakula."

Hakulia. Kisha akainama, akakitoa kile kikombe nyuma ya miguu yake, uji umepoa kabisa, akanipa. Akasema nimpelekee, nisimwambie umetoka kwake.

Nikakimbilia stoo kutafuta uji mwingine. Sufuria lilikuwa limeshaoshwa, limefudikizwa juani. Nikachukua kikombe kitupu, nikagawa ule uji nusu kwa nusu. Nusu moja nikampelekea yule kaka, ambaye jua lilikuwa limemfukuza kwenye pipa akaja kuchutama kwenye kivuli cha ukuta wetu, chini ya dirisha. Akauliza mama amepata? Nikamwambia anao wake, na kwamba jana naye hakula. Akafumba macho. Akakishika kikombe asinywe.

Nusu ya pili nikampa bibi. Naye akakishika asinywe. Nikamwambia tu kwamba mwenzake yuko nyuma ya ukuta, hamwoni, na anasubiri yeye aanze.

Nikasimama kwenye kona, mahali ambapo niliweza kuwaona wote wawili na wao wasionane. Bibi akageukia ukuta. Akashusha kitenge, akapeleka kikombe mdomoni, akavuta funda kwa mlio mkubwa, mlio wa mtu asiyefundwa, ambao mwanamke wa umri wake hawezi kuutoa kwa bahati mbaya. Akatulia akisikiliza. Nje kukawa kimya. Akavuta la pili, kwa nguvu zaidi, na hapo, chini ya dirisha, mkwewe akaanza kunywa, naye kwa mlio.