Mama Mkwe Alipotegua Mguu

Mama mkwe wangu alitegua mguu tukichimba viazi Dundori, kwenye shamba lake la mteremko. Tulikuwa wawili tu. Mume wangu alikuwa kazini Nakuru, na vibarua walikuwa wamewahiwa na mtu mwingine. Alikuwa amebeba karai la viazi, akakanyaga ukingo wa tuta, udongo ukabomoka, mguu wa kushoto ukapinda kwa ndani. Sikusikia kilio. Nilisikia viazi vikibingirika.

"Niache kwanza," alisema nilipomshika mkono. "Niache nipumue."

Nikamwacha akae pale pale. Kiwandani ninakofanya kazi tuliwahi kufundishwa huduma ya kwanza, na nilishangaa jinsi mafunzo yale yalivyonirudia bila haraka. Nilimvua gambuti polepole. Nikabonyeza mifupa ya pande zote mbili za kifundo, nikamuuliza kama inauma penyewe kwenye mfupa. Akasema hapana, inauma mbele kidogo, kwenye nyama. Vidole alivichezesha. Aliweza kupiga hatua chache akiniegemea, uso umekunjamana. Pengine hakuna kilichovunjika, niliwaza, ingawa sikumwahidi hivyo.

Tulipofika nyumbani kifundo kilikuwa kimevimba. Jirani, rafiki yake wa miaka mingi, alituona tukichechemea akaja na mkebe wa mafuta.

"Chemsha maji," aliniambia. "Tumkande kabla mguu haujapoa."

"Mama, moto utauongezea uvimbe. Hizi siku za kwanza ni maji baridi tu, na bila kusugua."

"Nimekanda miguu ya watu wengi kuliko umri wako."

"Najua, Mama. Lakini huu tuusubiri."

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. "Acheni kunigombania," alisema. "Lete hayo maji baridi. Yakinishinda, nitakandwa."

Maji ya tangi kule milimani ni baridi vya kutosha. Nilichovya kitambaa, nikakikamua, nikamfunika nacho kifundo, nikawa nakibadilisha kila kilipopata joto la mwili. Kisha nikamfunga bendeji, si ya kubana sana, nikauinua mguu wake juu ya mito miwili. Jirani aliketi akitazama, mkebe mapajani. Hakuondoka.

Jioni nikaenda kukama. Ng'ombe alikuwa mmoja, na hakuwahi kushikwa na mtu mwingine. Alipiga ndoo teke, akazuia maziwa. Nilirudi ndani mikono mitupu.

"Hakujui," alisema mama mkwe. "Nipeleke."

"Mguu unatakiwa ukae juu."

"Basi nipeleke, na mguu ukae huko huko juu."

Mimi na jirani tulimbeba na kiti chake cha plastiki hadi zizini. Tukamwekea kreti mbele, mto juu ya kreti, mguu juu ya mto. Jirani alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama mkwe akaanza kuongea na ng'ombe kwa Kikuyu, lugha niliyoikuta kwenye ndoa na ambayo bado naielewa nusu nusu. Niliyoyaelewa yalinitosha. Alikuwa akimsimulia jinsi alivyoanguka. Alimwambia kwamba alipokuwa chini alidhani hatasimama tena, na kwamba mguu ulikuwa ukimuuma sana, sana. Sisi alikuwa ametuambia unauma kidogo.

Maziwa yakashuka. Nilikama nikiwa nimeinamisha kichwa, nikijifanya sijaelewa neno.

Asubuhi tulimwita mtu wa bodaboda, nikampeleka kliniki, maana hatua zilikuwa zimepungua badala ya kuongezeka. Walimpiga picha, wakasema mfupa ni mzima, kano ndizo zimevutika. Wakamwambia apumzike, kisha aanze kuuzungusha mguu taratibu maumivu yakipungua. Weusi wa damu iliyovilia ulimteremkia hadi vidoleni, ukageuka kijani, ukageuka manjano. Jirani alikuwa akija kila siku kuukagua, na uvimbe ulipoisha alimpaka mafuta yake kidogo. Sikumzuia.

Mimi nilirudi mjini. Haukupita muda mrefu nikasikia kutoka kwa jirani kwamba mgonjwa wetu anachimba viazi. Nikampigia simu kumkanya. Alisema mtandao ni mbaya, hanisikii, akakata.