Watu Sita Wasiokwenda kwa Mtu

Jumamosi iliyopita tulikuwa sita kutoka Iringa, tunakwenda kwa miguu kutoka Matema hadi Ikombe kwa njia ya mlimani inayofuata ufukwe wa Ziwa Nyasa. Tulikuwa na buti mpya, fimbo za kukunja na fulana nyeusi za sare. Mimi nilitangulia, kwa kujiamini kwa mtu aliyeisoma njia nzima kwenye simu.

Tukakutana na mama mmoja wa makamo, amevaa ndala, ana vyungu vitatu kichwani. Alitutazama mmoja mmoja, akatua vyungu taratibu, akatoa kanga begani na kuifunga kiunoni.

"Poleni wanangu. Msiba uko kwa nani?"

"Hakuna msiba, mama. Tunatembea tu, tunaangalia ziwa."

"Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu."

Akashika kiuno. "Watu wazima sita, mmevaa nyeusi, hamjabeba hata ndizi, na hamwendi kwa mtu? Sasa mkifika nani atawapokea?"

Simu yangu ilikuwa na kila kona na kila kijito. Jibu la swali hilo haikuwa nalo.

"Basi mnakuja kwangu," akasema, akanikabidhi chungu kimoja nikibebe.

Fimbo nikaikunja. Kila tuliyepishana naye alitaka kujua tunakwenda kwa nani, nami nilijibu kwa sauti kabla hajamaliza kuuliza: "Kwa huyu mama hapa!"

Hakuna aliyetupa pole tena.