Siku ya Kumi na Saba ya Daktari Irine

Barua ya Daktari Irine Mbwambo ya kuacha kazi ina tarehe ya Jumatatu, Juni 3, 2024, na haina mhuri wa kupokelewa.

Aliiandika asubuhi hiyo katika chumba cha madaktari, kwenye hospitali moja mjini Same. Ilikuwa siku yake ya kumi na saba kazini bila mapumziko. Daktari mwenzake alikuwa amekwenda masomoni, na kila mara mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, alipomuuliza kama anaiweza wodi ya watoto peke yake, Irine alijibu, "Naweza."

Saa moja kabla ya barua, alimwandikia mtoto wa kilo kumi dozi ya sindano iliyozidi mara kumi. Muuguzi Ernesta, mwenye miaka thelathini kazini, alimrudishia faili, kidole kikiwa juu ya sifuri ya ziada. Mtoto hakuchomwa sindano ile. Irine alirekebisha, akatoka.

Ernesta alimfuata chumba cha madaktari na kikombe cha chai, akaikuta barua mezani.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mtoto amepata dozi yake sahihi, ananyonya. Hiyo ni barua ya nini?"

"Naacha. Leo ilikuwa sifuri, kesho itakuwa maiti."

Ernesta akavuta kiti. "Wewe si wa Mhezi, kule milimani? Mfereji wa kwenu ukijaa matope, baba yako anauzibua peke yake?"

"Hapana. Wanaitana msaragambo, kila nyumba inatoa mtu."

"Na akionekana mmoja anachimba peke yake?"

Irine alijikuta anacheka, machozi yakimtoka. "Watasema anaiba maji."

"Basi siku kumi na saba tunamtazama mwizi. Kunywa chai."

Ernesta akaenda mwenyewe kumwita mganga mfawidhi, Daktari Anderson. Alifika akiwa amekwisha kuvaa koti jeupe la wodini.

"Dokta, mbona kila siku uliniambia unaweza?"

"Niliona aibu, mkuu."

"Na mimi nilipenda kuamini." Akachukua mafaili. "Wodi ni yangu hadi Jumatano. Baada ya hapo zamu tutagawana madaktari wanne, na mimi nikiwamo. Barua kaa nayo. Ukirudi bado unaitaka, nitaipokea."

Adhuhuri Irine alikuwa njiani kupanda Mhezi, barua ikiwa ndani ya mkoba. Kwa mama yake alikula makande sahani mbili, akalala mchana kweupe, mabega yamelegea kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Alhamisi alirudi wodini, zamu ya asubuhi, na barua ikabaki mkobani.